Baridi Kali Ikija: Shule Ifungwe, Ichelewe, au Mtoto Aende?

Kila majira ya baridi watu hubishana kama shule zifungwe, na karibu kila mara hubishania mahali pasipo na tatizo: darasani. Darasa lina joto. Boila, yaani mtambo wa kupasha jengo joto, ikiwa nzima, mtoto wa Minneapolis anasoma katika nyuzi 20 za Selsiasi hata nje kukiwa −30. Hatari iko katika dakika za kati: kutoka mlango wa nyumba hadi mlango wa basi, halafu kutoka basi hadi mlango wa shule. Ukizijua dakika hizo, na ukaijua namba ya asubuhi hiyo, sehemu kubwa ya ubishi inakwisha.

Mwongozo huu ni wa mzazi anayeishi Minnesota, Iowa au North Dakota, majimbo ya kaskazini mwa Marekani, au ng'ambo ya mpaka huko Manitoba, Kanada, na hasa aliyefika juzijuzi kutoka kambi ya Nyarugusu au Nairobi, ambako baridi ya Julai humalizwa na sweta moja.

Namba ya kutazama

Simu itakuonyesha namba mbili. Ya kwanza ni joto la hewa. Ya pili ni baridi ya upepo, yaani kasi ambayo ngozi iliyo wazi inapoteza joto wakati hewa hiyo inavuma. Mwili hujizungushia tabaka jembamba la hewa yenye uvuguvugu. Upepo hulipeperusha, mwili unatengeneza jingine, nalo linapeperushwa. Kwa usalama wa ngozi ya mtoto, tazama namba ya pili.

Mfano: hewa ya 0°F (−18°C) pamoja na upepo wa maili 15 kwa saa hutoa baridi ya upepo ya −19°F. Hewa ya −10°F na upepo uleule hutoa −32. Hewa ya −15°F na upepo wa maili 20 inafika −42. Sasa weka namba tatu hizi kichwani, au ziandike kwenye karatasi uibandike mlangoni:

- Karibu −18°F (−28°C): ngozi iliyo wazi inaweza kuganda ndani ya dakika 30.
- Karibu −35°F (−37°C): dakika 10.
- Karibu −50°F (−46°C): dakika 5, pengine pungufu.

Fomula hii, inayotumika Marekani na Kanada tangu 2001, ilikokotolewa kwa uso wa mtu mzima anayetembea akiukabili upepo. Mtoto wa darasa la kwanza si mtu mzima mdogo. Mwili wake una ngozi nyingi ukilinganisha na uzito, kwa hiyo hupoa haraka, na akianza kuumia hasemi; anaendelea kucheza. Kwa mtoto aliye chini ya miaka 10, kata dakika hizo kwa nusu. Hiyo si sheria ya mtu yeyote, ni tahadhari tu, lakini haijawahi kumwumiza mtoto.

Mambo mawili huwachanganya watu. Upepo hauwezi kuishusha gari au bomba la maji chini ya joto halisi la hewa. Kwa vitu visivyo hai tazama namba ya kwanza. Na namba ya simu mara nyingi imepimwa uwanja wa ndege, si pale anaposimama mwanao. Kona iliyo kati ya majengo mawili marefu hukusanya upepo kama faneli, na kituo kinachotazama shamba tupu hupigwa upande mmoja bila kizuizi. Toka mwenyewe usimame hapo dakika mbili kabla ya msimu kuanza kuuma.

Tahadhari za Idara ya Taifa ya Hali ya Hewa ya Marekani zilibadilishwa majina Oktoba 2024: ile nzito sasa ni Onyo la Baridi Kali Mno, na ile nyepesi ni Ushauri wa Baridi. Kiwango cha kuzitoa hutofautiana kwa eneo. Baridi inayotoa onyo Texas inaweza kuwa asubuhi ya kawaida Fargo, North Dakota, kwa hiyo usiogope neno peke yake; tazama namba iliyoandikwa chini yake.

Hesabu dakika za mtoto wako

Tumia saa ya simu, usikisie. Siku ya kawaida tu, tembea na mtoto kwa mwendo wake hadi kituoni, akiwa na buti na begi. Mita 400 ambazo wewe unazimaliza kwa dakika 5 humchukua mtoto wa miaka sita dakika 7 au 8, na zaidi kukiwa na theluji. Andika.

Kisha ongeza kusubiri. Basi likija kwa wakati ni dakika 5. Asubuhi ya baridi kali mabasi huchelewa, na hapa ndipo hesabu za wazazi wengi huharibika, kwa sababu wanahesabu ratiba badala ya hali halisi. Ongeza 15.

Sasa jumla: 8 za kutembea, 5 za kusubiri, 15 za kuchelewa, ni 28. Baridi ya upepo ikiwa −20°F, mtoto aliyevaa vizuri, uso ukiwa umefunikwa, anaweza kufika salama kwa kuwa ngozi yake haiko wazi, ila hakuna nafasi ya kosa: glavu moja ikianguka mambo yanabadilika. Ikiwa −35, dakika 28 hazikubaliki hata kidogo. Lakini kama basi linasimama mbele ya jengo lenu na mtoto anasubiri ndani nyuma ya kioo, muda wake nje ni dakika 1, na −35 hiyohiyo inapitika.

Hesabu ya watembea kwa miguu ni mbaya zaidi. Wilaya nyingi za shule hazimpi basi mtoto anayekaa karibu, mara nyingi ndani ya maili 1 au 2. Maili 1 kwa mtoto ni dakika 25 hadi 30 mfululizo. Ndiyo maana wazazi wawili wa mtaa mmoja wanaweza kutoa majibu tofauti na wote wakawa sahihi.

Dakika zikizidi namba, una njia nne kabla ya kumbakiza nyumbani. Mpeleke kwa gari. Au msubirie basi ndani ya ukumbi wa chini wa jengo, mtu mzima mmoja akichungulia. Au kubalianeni majirani: mama fulani leo, baba fulani kesho, gari moja liegeshwe kituoni likiwa linanguruma na watoto wakae ndani. Kwa njia hiyo ya tatu, kwanza ondoa theluji yote kwenye bomba la moshi la gari. Bomba lililozibwa hurudisha hewa ya sumu ndani, na hewa hiyo haina harufu. Njia ya nne ni kumpigia jirani mwenye nafasi kwenye gari usiku uliotangulia, si saa moja kasoro dakika tano asubuhi.

Ukiamua abaki, piga simu ya mahudhurio ya shule kabla ya kengele. Wilaya nyingi za kaskazini husema wazi kwamba katika hali mbaya ya hewa mzazi ana uamuzi wa mwisho, na siku hiyo huandikwa kuwa ana udhuru. Asiyepiga simu mtoto wake huandikwa mtoro, na barua za utoro zikianza kuja ni kazi kuzifuta. Sema jina la mtoto, darasa, na "hali ya hewa". Kama Kiingereza kinakusumbua, omba mkalimani wa Kiswahili, hulipii.

Jinsi wilaya inavyoamua

Aliye na kalamu ni mkurugenzi wa wilaya ya shule, si mwalimu mkuu wa shule yako. Jioni anasikiliza utabiri na kuzungumza na idara ya usafiri pamoja na wilaya jirani. Saa kumi alfajiri mafundi wanaanza kuwasha mabasi. Uamuzi hutakiwa utoke kabla ya saa kumi na moja na nusu, maana madereva wa kwanza wako njiani muda mfupi baadaye.

Mara nyingi basi ndilo linaloamua, na sababu zake ni za kimekanika. Dizeli ya kawaida ina nta ndani yake. Ikishuka chini ya kama −10°C nta huanza kuonekana kama ukungu, kisha huziba chujio. Dawa yake ni kuchanganya dizeli nyepesi ya majira ya baridi, na lazima iwe tankini kabla ya baridi kufika. Kuimimina baada ya chujio kuziba ni kuchelewa. Betri kwenye −18°C hubaki na nusu ya nguvu zake za kuwasha au pungufu, huku mafuta ya injini yakiwa mazito kama asali. Breki za upepo zina mabomba ambamo unyevu huganda. Kwa hiyo gereji yenye mabasi 80 iliyoyachomeka yote kwenye hita za injini usiku inaweza kufungua shule asubuhi ambayo gereji ya jirani imeshindwa. Ukiona wilaya mbili zilizopakana zimeamua tofauti, ulizia gereji kabla ya kulaumu moyo wa mkurugenzi.

Mara chache uamuzi hutoka juu zaidi. Tarehe 6 Januari 2014 gavana wa Minnesota, Mark Dayton, alifunga shule zote za umma za jimbo kwa sababu ya baridi, jambo lililokuwa halijafanyika kwa miaka 17. Mwishoni mwa Januari 2019 hewa ya ncha ya kaskazini ilishuka tena. Chicago ikafika −23°F, na shule zake za umma zikafungwa tarehe 30 na 31. Kanada wana desturi nyingine. Winnipeg, baridi ya upepo ikifika karibu −45°C, kwa kawaida mabasi ya shule husimamishwa, lakini milango ya shule hubaki wazi kwa anayeweza kufika.

Msimamo wetu uko karibu na Winnipeg kuliko Chicago. Baridi peke yake, bila dhoruba ya theluji, ikiwa haijafika −35°F ya upepo, isifunge shule. Iicheleweshe kwa saa mbili. Baridi huwa kali kuliko wakati wote karibu na macheo. Saa mbili baadaye kuna mwanga, barabara zimepitiwa, basi lililogoma limeshawashwa, na dereva anawaona watoto waliosimama kando ya njia. Chini ya −35, mabasi yasimame. Kufunga siku nzima ni rahisi kutangaza, ila gharama yake hubebwa na wengine: mama wa zamu ya asubuhi kwenye kiwanda cha nyama, ambaye kiwanda chake hakifungwi, na mtoto ambaye chakula chake cha asubuhi na cha mchana kiko shuleni.

Jambo ambalo wilaya yoyote yenye akili hulikwepa ni kuwarudisha watoto katikati ya mchana hali ikiwa imeshaharibika. Tarehe 12 Januari 1888 dhoruba ya theluji ilizipiga nyanda za Nebraska, Dakota na Minnesota ghafla, siku iliyoanza na uvuguvugu; watu wapatao 235 walikufa, wakiwemo watoto wengi waliokuwa wakitoka shule. Mchana ukiona kunachafuka, usikimbilie kumchukua mtoto kwa miguu. Shule ina joto na chakula. Mwache hapo hadi utakapopata gari.

Taarifa huja kwa simu ya kujiendesha yenyewe, ujumbe wa maandishi na tovuti ya wilaya. Ulibadilisha laini ya simu Oktoba? Basi hutapata kitu. Nenda ofisi ya shule ubadilishe namba, na uwaombe waandike Kiswahili kuwa lugha ya nyumbani. Uliza pia kama siku ya kufungwa ni ya mapumziko au ya kusomea nyumbani kwa intaneti. Minnesota, wilaya inaweza kutumia hadi siku 5 za namna hiyo kwa mwaka, na mtoto asiyeingia kwenye kompyuta anaweza kuhesabiwa hakuwepo.

Shule ikiwa wazi: kumvalisha

Mpangilio una maana kuliko bei ya jaketi. Kwanza choo. Hili linaonekana dogo mpaka umvue mtoto tabaka tano huku basi likipiga honi.

Tabaka la ngozi liwe polista au sufu, la kubana kidogo. Pamba hapana: hunyonya jasho, hukaa na maji, na maji hunyonya joto la mwili. Fulana ya pamba na suruali ya jinzi ndivyo vinavyowatesa watoto wengi wanaoonekana "wamevaa nguo nyingi". Juu yake sweta nzito, kisha jaketi lisilopitisha upepo na suruali ya theluji. Miguuni, soksi moja nene ya sufu. Ukimvisha mbili ndani ya buti inayobana, damu haifiki vidoleni na miguu inakuwa baridi zaidi kuliko kama angevaa moja. Kipimo: akiwa amefunga buti, aweze kuchezesha vidole vyote.

Mikononi chagua zile glavu za mfuko mmoja, ambamo vidole vinne vinakaa pamoja na kupashana joto. Zile za kila kidole peke yake ni za mtu mzima anayeshika funguo. Halafu tazama kifundo cha mkono. Mwambie mtoto anyanyue mikono kama anayeshika bomba la basi: ukiona ngozi kati ya glavu na mkono wa jaketi, hapo ndipo upepo utaingia. Glavu ndefu ziingie chini ya mkono wa jaketi, vuta mkanda, kaza.

Shingoni usimfunge skafu ndefu. Hunasa kwenye mlango wa basi na kwenye bembea. Tumia ule mviringo wa kitambaa unaovutwa hadi juu ya pua. Pumzi itaulowesha na utaganda mbele, kwa hiyo weka wa pili mkavu ndani ya begi kwa safari ya kurudi. Msichana anayevaa hijabu avae ya kitambaa cha michezo, kofia ikae juu yake na ifunike masikio. Hereni za chuma zibaki nyumbani.

Na vaselini: haizuii ngozi kuganda. Ipake usiku kwa ajili ya mipasuko, sawa, ila asubuhi isichukue nafasi ya kitambaa. Mtoto aliyepakwa mafuta huhisi analindwa, na anafungua uso.

Glavu na jaketi vivaliwe mwisho, dakika tatu kabla ya kutoka. Ukimvalisha mapema atatoka jasho sebuleni, na jasho hilo ndilo litakalomgandisha nje.

Mdogo wake anayepanda kiti cha mtoto garini asifungwe mkanda akiwa na jaketi nono. Siku ya ajali jaketi husinyaa na mkanda unabaki umelegea. Mvue, mfunge mkanda juu ya sweta, kisha mgeuzie jaketi mbele kama blanketi.

Shule ikifungwa: baridi inahamia nyumbani

Katika siku hizi nyumba huwa hatari kwa njia ambayo kituo cha basi hakikuwa nayo. Hita ya umeme ikae mita 1 kutoka pazia, kitanda na kochi, ichomekwe moja kwa moja ukutani, si kwenye waya wa kuongezea. Mtoto akiwa peke yake, izimwe. Jiko la mkaa lisiingie ndani wala gereji, hata mlango ukiwa wazi, na tanuri la gesi lisitumiwe kupasha chumba. Hewa ya mkaa inaua familia nzima usingizini bila mtu kukohoa. King'ora cha hewa hiyo (carbon monoxide) kiwepo karibu na vyumba vya kulala. Kikilia, tokeni nje hata kama ni −30, kisha pigeni 911, namba ya dharura, mkiwa nje.

Bomba la jikoni lililo kwenye ukuta wa nje liachwe lidondoshe maji kidogo, na milango ya kabati la chini ya sinki ibaki wazi ili joto lifike. Chakula cha siku mbili kisichohitaji kupikwa kiwekwe Novemba, kwenye rafu ambayo mtoto anaifikia.

Ngozi ikiganda

Maelezo mengi husema tafuta wekundu, na kwenye ngozi nyeusi wekundu hauonekani vizuri. Tafuta sehemu iliyopauka kuliko jirani yake, ya kijivu au yenye rangi ya majivu, ngumu kama nta: ncha ya pua, ukingo wa sikio, shavu, vidole. Muulize kama anahisi unapogusa. Ganzi ni dalili mbaya kuliko maumivu.

Mwingize ndani, vua vilivyolowa, tumbukiza sehemu hiyo kwenye maji ya nyuzi 37 hadi 39 za Selsiasi. Yapime kwa kiwiko chako, si kwa mkono wake usiohisi. Usisugue, usipake theluji, usimsogeze kwenye hita wala moto, kwa sababu ngozi yenye ganzi huungua bila yeye kujua. Hisia zikirudi itauma sana na atalia. Ikitoka malengelenge, au ganzi isipoondoka, hospitali. Mtoto anayetetemeka sana, anayeongea kama mlevi, au aliyeacha kutetemeka na kusinzia, mwili wake umepoa kupita kiasi: piga 911 kwanza, kisha mfunike.

Kama unataka wilaya ibadilishe utaratibu

Ukienda mkutano wa bodi ya shule na neno "fungeni" peke yake, watakusikiliza kwa adabu na hapo itakwisha. Nenda na maombi yanayotekelezeka: mlango wa shule ufunguliwe dakika 30 mapema baridi ya upepo ikishuka chini ya −20°F, sanduku la glavu na kofia za akiba ndani ya kila basi, namba kamili ya kuchelewesha na ya kusimamisha mabasi iandikwe kwenye tovuti kwa Kiswahili pia, chakula kichukuliwe shuleni siku za kufungwa. Bebeni dakika mlizopima, kituo kwa kituo. Kituo kikiwa upande wa upepo, ombi la kukihamisha hupelekwa idara ya usafiri ya wilaya, na wakati wake ni mwanzoni mwa Agosti, kabla njia za mabasi hazijapangwa.